Mtunza Ghala Alisema Funga

Jina lake sitaliandika hapa. Si kwa heshima wala si kwa woga, maana aliyekuwa akiogopwa sasa ni mtu wa kushikwa mkono kwenda chooni. Jina lake lipo mahali pengine, limeandikwa kwa ukamilifu, na nitasema ni wapi kabla sijamaliza. Hapa atabaki Mtunza Ghala, kama tulivyomwita sisi tuliofanya naye kazi Kambarage, Shinyanga mjini, na kama alivyopenda mwenyewe kuitwa.

Ghala lenyewe halikuwa na gunia hata moja. Lilikuwa kompyuta nyeusi iliyokaa juu ya meza ya chuma, katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la vipuri vya karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Ndani ya kompyuta hiyo kulikuwa na programu za seva: kanzidata za kuhifadhia taarifa, barua pepe, kumbukumbu za wagonjwa, hesabu za maabara za kupimia dhahabu. Programu hizo hutoka kwa walioziandika zikiwa vipande vipande. Kazi yetu ilikuwa kuzifungasha: kuzikusanya, kuzipatanisha na Linux yetu, kuzijaribu, kuzipa namba ya toleo, kuzitia saini, kisha kuziweka ghalani. Seva za wateja, kuanzia Shinyanga mjini mpaka Kahama, Geita na Runzewe, zilizichukua humo kila zilipopandishwa toleo. Programu moja iliyofungashwa tuliiita kifurushi.

Neno hilo lilituletea watu. Bango la chini lilisema VIFURUSHI VYA SEVA, na wapita njia walisoma neno la kwanza tu. Siku moja mama muuza dagaa alipanda ngazi akihema, akaomba kifurushi cha wiki, aongee na mwanawe aliyeko Geita. Mtu mwingine angemwelekeza kibanda cha jirani. Mtunza Ghala alimpa kiti. Akamuuliza anataka toleo lipi, vitegemezi vyake anavyo, na saini ameihakiki? Yule mama alijibu kila swali kwa adabu. "Chochote tu baba, hata hicho cha saini." Alimweka pale robo saa, uso mkavu, kisha akamwambia kifurushi chake hakijafika kutoka bandarini, arudi wiki ijayo. Mama akashukuru, akashuka.

"Mmeona?" akatuambia. "Mtu anaweza kujibu maswali yote bila kuelewa hata moja. Ndivyo mlivyo nyinyi."

Tulicheka. Nilicheka na mimi, kwa sababu siku hiyo hakuwa ananicheka mimi. Wiki iliyofuata yule mama alirudi kweli.

Zamani Mtunza Ghala alikuwa mwalimu wa hesabu, na Kiingereza alikizungumza vizuri kuliko sisi sote, lakini ofisini alikipiga marufuku. Kazi yote ilifanywa kwa Kiswahili, tena Kiswahili chake. Neno kusakinisha hakulitaka hata kulisikia. Alisema ni neno la redioni, la watu ambao hawajawahi kushika bisibisi. Yeye alisema kufunga. Na kweli, fundi wa kwetu hufunga umeme, hufunga injini ya pampu, hufunga bati. Tatizo ni kwamba mtu huyohuyo hufunga duka, na hufunga ng'ombe kwenye kigingi. Katika kazi yetu kuna wakati unataka kifurushi kimoja kibaki kwenye toleo la zamani, kisiguswe, wakati wenzake wote wanapandishwa. Hilo nalo aliliita kufunga. Kwa hiyo "funga kanzidata" iliweza kuwa iweke kwenye mashine, na iliweza kuwa izuie isipande.

Mwenzetu Ndaki, baba wa watoto watatu, mtu mpole, alijaribu kumshauri. "Mzee, hili la pili tungeliita kuzuia, tusije tukachanganya."

"Kiswahili kina akili ya kutosha, Ndaki. Kinasubiri ya kwako."

Basi tukajifunza kumsikiliza sauti. Akiikata, "funga," maana yake weka. Akiivuta na kuishusha, "fuunga," maana yake zuia. Sisi tuliokulia kwenye Kisukuma, lugha ambayo sauti ikipanda au ikishuka neno linageuka, tulilishika upesi, na tuliona fahari kulishika. Ana kwa ana hatukukosea hata mara moja.

Huyo Ndaki hakudumu. Aliandika mahali fulani "limelekebishwa" badala ya "limerekebishwa", kama nusu ya Shinyanga inavyotamka. Mtunza Ghala akaichapa karatasi ile kwa herufi kubwa, akaibandika mlangoni ili wateja waisome wakipanda ngazi. Ilikaa mwezi mzima. Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe akikasirika alikuwa akipiga kelele "lejesha! lejesha hicho kifulushi!" na hakuna aliyethubutu kutabasamu. Mkuki kwa nguruwe. Ndaki aliondoka akaenda kuchimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya Geita. Alituambia kwamba kule udongo ukikuangukia haukutukani kwanza.

Lakini adhabu yake kubwa haikuwa matusi. Ukikosea, kesho yake ukimwamkia, "Shikamoo Mzee," haitikii. Anakutazama, anaendelea kutafuna michembe yake, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na salamu inabaki hewani. Siku ya pili hivyohivyo. Nukta iliyosahaulika ilikuwa ya siku mbili. Kifurushi kilichogoma kuingia kwa mteja kilikuwa cha wiki. Asiyelelewa kwetu ataona ni jambo dogo. Kwetu, mkubwa asiyeitikia shikamoo yako amekutangazia kwamba hupo. Mimi niliwahi kukaa siku tisa bila kuwapo, nikifanya kazi, nikijibu simu za wateja, na nikiamka kila asubuhi kwenda kumsalimia mtu huyo.

Na sasa lazima niseme jambo lingine, kwa sababu yeye alinifundisha kuandika kila kitu. Doto, mmoja wa pacha wangu, alishikwa na degedege pale ofisini. Kabla sijapiga yowe Mtunza Ghala alikuwa ameshambeba. Alituendesha kwa pikipiki yake mpaka hospitali, akakaa nami kwenye benchi mpaka alasiri, shati lake limelowa matapishi ya mwanangu. Daktari alipotoka na habari njema, akasimama, akasema, "Haya," akaenda zake. Kesho yake nilimwamkia kwa moyo wote. Hakuitikia. Kumbe tulipokimbia na mtoto niliacha kifurushi mezani bila kukiandikia historia. Nilimchukia na nilimshukuru wakati mmoja, na hata leo sijui nianze na lipi.

Historia ndiyo ilikuwa dini yake. Kila kifurushi hubeba ukurasa ambamo, kwa kila toleo, mfungashaji huandika nini kimebadilika, kwa sababu gani, na ni nani amefanya. Jipya huandikwa juu, la zamani hubaki chini. Ukurasa huo husafiri na kifurushi na kukaa ndani ya kila seva inayokitumia, na fundi yeyote, popote, anaweza kuufungua akausoma. "Kifurushi kisicho na historia ni mzigo wa kuokota," alisema. Na alisema, "Usifute. Ongeza juu." Hilo la pili alilisema mara nyingi kuliko alivyosema neno karibu.

Alipenda sana kukiri makosa madogo. Siku alipokosea tahajia ya neno maabara kwenye programu ya mteja wa Geita, alituita sote tumtazame akiandika: "Kosa ni la mfungashaji, mtu mzembe." Akaweka jina lake kamili. Wateja walilisimulia hilo mpaka likawa hadithi, mzee mkali lakini wa haki. Nilichelewa kugundua kwamba humo kwenye historia makosa yake yote yalikuwa ya tahajia.

Nije kwenye Runzewe.

Kulikuwa na kituo cha afya cha wazazi, na seva yao ilikaa kwenye stoo ya dawa. Ilibeba kumbukumbu za akina mama wajawazito: jina, kijiji, kundi la damu, mimba ya ngapi, nani alijifungua kwa upasuaji. Nilikwenda kwa basi kupandisha matoleo. Simu ilishika mtandao sehemu moja tu, nje, karibu na tangi la maji, na siku hiyo upepo ulikuwa unavumisha vumbi lote la wilaya ile ya Bukombe.

"Mzee, nimefika. Nianze na nini?"

"Funga kanzidata. Halafu pandisha vingine vyote."

Upepo ulilichukua neno. Nilisikia herufi, sauti sikuisikia.

"Nifunge kwa maana ipi, Mzee?"

"Funga! Ulipozaa pacha akili uliwagawia wao?"

Simu ikakatika.

Ningeweza kupiga tena. Sikupiga, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku za kutoitikiwa. Nikarudi stoo, nikaiweka kanzidata mpya.

Toleo lile jipya halikuweza kusoma data za toleo la zamani mpaka zigeuzwe kwanza. Mfungashaji anayejua kazi huweka kinga ndani ya kifurushi: ukikuta data za zamani, simama, uliza. Kinga haikuwamo. Badala yake kulikuwa na mstari wa kufagia, unaoondoa folda ya toleo lililotangulia, na nakala ya akiba nayo ilikuwa ndani ya folda hiyohiyo, kwa agizo la Mtunza Ghala. Ilichukua dakika nne. Sista mkuu wa kituo alikuja akasimama nyuma yangu.

"Mama Kulwa, majina ya akina mama yako wapi?"

"Naangalia, Sista."

"Naona unaangalia. Nauliza yako wapi."

Kwa wiki tatu nilikaa pale kwenye meza ya mbao nikinakili kadi za kliniki. Akina mama walitoka vijijini kwa baiskeli, wengine matumbo yamefika juu, kuleta kadi. Kadi zilizoliwa na mchwa au kulowa mvua zilikuwa nyingi, na wenye kadi hizo walichomwa sindano upya kupimwa kundi la damu. Mmoja aliuliza kwa nini anachomwa tena damu ile ile. Sista alininyooshea kidevu.

Niliporudi Kambarage, kifurushi kipya kilikuwa kimeshatoka, chenye kinga, na kimeshaingia kwa wateja wote. Nilifungua historia. Juu kabisa aliandika: "Kinga imeongezwa, baada ya fundi kusakinisha kinyume cha maelekezo na kupoteza data za Runzewe." Penye neno fundi aliweka na jina langu, la kwangu na la baba yangu.

Niliisoma mara nyingi kabla sijaona. Kusakinisha. Mtu aliyelidharau neno hilo miaka yote aliliazima siku moja tu, siku ambayo neno lake mwenyewe lingemfichua. Hapo nikajua kwamba anajua. Kwamba aliketi, akapima, akachagua.

Nilimwomba aongeze ingizo juu, aandike alichosema kwenye simu. Alisema historia haiandikwi kwa machozi. Nilimwamkia miezi mitatu, hakuitikia, na nikaondoka. Niliomba kazi kwenye kampuni moja Geita. Mhojaji aliigeuza kompyuta yake inielekee, na mstari ule wa historia ulikuwa umefunguka. "Huyu ni wewe?" Nikasema ni mimi. Nikaomba Kahama, fundi wa pale akanipokea kwa kicheko: "Aaa, Mama Runzewe!" Nikaishia kuuza vocha dirishani kwangu, na watoto wangu walizoea kusikia jina hilo.

Kisha kisukari kilimla macho Mtunza Ghala. Wenye kampuni ile ya Kambarage walitafuta mtu wa kuendeleza vifurushi vyake, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kusoma mambo aliyoyaandika, walinifuata mimi. Sasa ghala ni langu, na saini ni yangu. Mtu atauliza kwa nini sikuandika ukweli siku ile ile. Kwa sababu ungekuwa ukweli wangu mwenyewe, na mtu aliyechafuliwa akijisafisha peke yake watu husema amejipaka chokaa. Nilitaka kauli yake.

Mwezi uliopita nikaenda kwake Ngokolo, mchana. Alikuwa barazani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, macho yanaangalia mahali pasipo na kitu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba! Marahaba mwanangu, karibu, karibu sana."

Aliitikia haraka, kwa sauti tamu, kwa sababu hakujua ni nani. Nilisimama pale nikiwa na ile marahaba mkononi na nilitaka kulia.

"Ni nani?"

"Mama Kulwa. Wa ghalani."

Taya zake ziliacha kutafuna. Akasema, "Doto hajambo?"

"Hajambo. Amekuzidi urefu."

"Na kanzidata?"

"Kinga yako bado ipo. Na mstari wako wa kwenye historia upo."

Kuku walipita. Kisha akasema chinichini, kama anayeongea na vidole vyake, "Nilisema funga."

"Ulisema."

"Nilimaanisha uizuie."

"Nilijua nikiwa nimeshachelewa. Na ule mstari wa kufagia?"

"Niliuandika mimi. Kinga niliisahau mimi."

Miaka yote ile, na ilikuwa sentensi fupi kiasi hicho. "Mzee," nikasema, "nitaiandika hivyohivyo, kwa jina lako."

Alifungua mdomo. Mlango ukalia, mkewe akatoka na uji na bakuli la michembe. "Mwadila, mayo," akanisalimu kwa Kisukuma, mama mnene mwenye uso wa upendo. Na Mtunza Ghala akanyoosha mgongo, na sauti yake ya zamani ikarudi yote.

"Mama, huyu ndiye yule niliyekusimulia. Wa Runzewe. Aliyewapotezea wajawazito kumbukumbu zao."

"Haa! Kumbe ndiye wewe?" Aliweka bakuli chini, akanishika mikono yote miwili. "Usijisumbue, mayo. Yameshapita. Tulikusamehe zamani. Mimi nimekuombea kila Jumapili."

Nilimtazama mumewe. Alikuwa ameugeuzia uso uwanja, anatafuna.

"Kunywa uji," akasema.

Nilikunywa wote. Nikamwambia mkewe wabeja, asante, kwa sababu yeye hakunikosea kitu. Nilipoinuka, Mtunza Ghala alisema bila kugeuka, "Usifute kitu."

"Sifuti, Mzee. Naongeza juu."

Alinielewa. Mikono yake ilishika kiti.

Kesho yake niliongeza ingizo. Nililiandika alivyonifundisha, kwa mistari michache, bila neno la huruma: "Neno funga limeondolewa katika maelekezo yote, badala yake tumia weka au zuia. Data za Runzewe zilipotea kwa sababu mfungashaji alitumia neno moja kwa maana mbili, alisahau kinga, na aliandika mstari wa kufagia. Amekiri mwenyewe." Nikaweka jina lake, la kwake, la baba yake na la babu yake. Nikatia saini, nikaweka ghalani, na kufikia Ijumaa lilikuwa ndani ya kila seva kuanzia Kambarage mpaka Runzewe. Huko ndiko jina lake liliko. Ni ukweli mtupu, na niliuandika juu ya kipofu asiyeweza kuusoma, nikijua kwamba yule fundi wa Kahama atampigia simu kumsomea, kwa kicheko chake kilekile.

Alimpigia. Siku iliyofuata simu yangu iliita, namba ya mkewe, na nilipopokea nikasikia pumzi, kisha ile sauti, ndogo, imepungua.

"Mama Kulwa," akasema. Halafu mzee yule, mkubwa kwangu kwa miaka thelathini, akasema, "Shikamoo."

Nilinyamaza mpaka akakata mwenyewe. Tangu hapo anapiga kila asubuhi, anasema neno hilo hilo, anasubiri. Leo ni siku ya tisa.